Jioni za Shangazi

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, na kwa miaka mingi niliamini nimeisahau sauti yake. Aliyenirudishia ni shangazi yangu, dada yake wa pekee, katika nyumba tunayopanga Makomeno, hapa Lubumbashi, wakati ambao shangazi mwenyewe alikuwa hakumbuki tena kwamba ndugu yake amekufa.

Niseme kwanza jinsi tulivyoachana naye.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Ruashi, mtaa mwingine wa Lubumbashi. Mama ni mtu wa Sakania, mji wa mpakani, alizaliwa kando ya reli, na ndugu za baba hawakuacha kumwita "ule wa mupaka" hata baada ya kuzaa watoto wawili katika ukoo wao. Baba alikohoa kiangazi kizima. Mvua za kwanza zilipoanza, akafa. Kilio kilifanyika nyumbani kwetu, na kabla hakijaisha shangazi alisimama katikati ya uwanja, mbele ya wanawake walioketi kwenye mikeka, akamnyoshea mama kidole.

"Njo weye ulimukula ndugu yetu," alisema, yaani ndiye aliyemuua kwa uchawi. "Ondoka hapa na batoto yako."

Wazee wa ukoo walitazama chini. Godoro letu likatupwa nje, masufuria yakafuata. Kaka yangu, ambaye sauti yake ilikuwa haijaanza hata kuvunjika, alilishika lile godoro akawa analivuta kulirudisha ndani, na shangazi akampiga kofi mbele ya watu wote. Nakumbuka mlio wa lile kofi kuliko ninavyoukumbuka uso wa baba kwenye jeneza. Tukaondoka na mkokoteni wa kuazima, mama mbele, sisi nyuma.

Tulikaa Sakania kwa bibi. Baadaye mama alirudi Lubumbashi, akauza unga wa mahindi sokoni mpaka tukamaliza shule. Mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Kaka akaenda kujifunza kuchomelea kwa rafiki wa baba, akawa fundi kama yeye. Nyumbani shangazi hakutajwa. Neno "kuua" nalo halikutamkwa. Hata kuku wa Krismasi, mama alisema "tumutengeneze".

Mama hakuacha kanisa. Lakini nikiwa mtoto, nikisimama ubavuni mwake Jumapili, niligundua jambo. Kanisa zima likisali ile sala ambayo kila Mkristo hufundishwa kwanza, mama alisali pamoja na wengine kwa sauti yake nzito, kisha ikifika mahali pa kusamehe waliotukosea, sauti ilikatika. Midomo ilifungwa. Wengine wakiendelea mbele, alijiunga nao tena. Sikuwahi kumuuliza. Niliizoea ile nafasi tupu kama mtu anavyozoea jino lililong'oka.

Kisha Jumapili moja, mimi nikiwa mtu mzima, nafasi ile haikuja. Sauti ya mama ilipita pale ikitetemeka, lakini ilipita. Nikageuka kumtazama. Alikuwa amefumba macho, jasho limemjaa juu ya mdomo kama aliyebeba gunia.

Njiani kurudi aliniambia alichokuwa amesikia kwa mwanamke mmoja wa kanisani anayeishi Ruashi. Shangazi alikuwa anatangatanga. Akili zilikuwa zimemtoka. Aliwasimamisha madereva wa malori ya mgodi akiwauliza karakana ya ndugu yake iko wapi. Mwanawe wa pekee alifanya kazi Kolwezi na alikuwa amemwacha na wapangaji, nao mchana walimfungia ndani ili asipotee.

"Kesho tunaenda kumuchukua," mama alisema.

"Mama, yule? Kwa nini sisi?"

"Nimechoka kunyamaza pale," alinijibu, nami nilijua anasema juu ya mahali gani.

Tulipofika Ruashi, mama alisimama kwenye lango la uwanja ule tuliofukuzwa kwa muda, mkono juu ya chuma. Nyumba zilikuwa zimeongezeka pande zote, lakini ukuta wetu ulikuwa uleule, na vumbi jekundu lilikuwa lilelile. Mpangaji alitufungulia mlango wa chumba. Shangazi alikuwa ameketi kitandani, amevaa viatu viwili visivyofanana. Mwanamke aliyekuwa mrefu kuliko wote katika kumbukumbu yangu alikuwa amebaki mifupa na kitenge. Alimtazama mama kwa adabu.

"Mama, leo unauzisha nini?"

"Siuzishi kitu, ba shangazi. Nimekuya kukuchukua."

"Unanipeleka kwa ndugu yangu?"

"Tunaenda nyumbani," mama alisema, akapiga magoti kumbadilisha kiatu.

Asubuhi zake zilikuwa nzuri. Alimwita mama "mama" na mimi "mwana". Aliketi kwenye barza, akichambua majani ya lengalenga, ule mchicha wetu, polepole, akiimba nyimbo za kwaya za ujana wake. Kama ningemjua asubuhi tu, ningempenda bila shida yoyote.

Jioni ilikuwa kitu kingine. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya paa za jirani na moshi wa makala, mkaa wa kupikia, kutanda uwanjani, alinyamaza. Shingo ilinyooka. Alianza kusikiliza.

"Ndugu yangu hayafika?"

Siku za kwanza tulimwambia ukweli, tukidhani ndio uaminifu. Mama alimshika mikono akamwambia taratibu kwamba ndugu yake alishafariki, zamani sana, kwamba alizikwa vizuri. Na shangazi aliusikia msiba huo kama unaanza saa ile. Alianguka chini. Alilia kilio kilichowaleta majirani ukutani. Kisha, katikati ya kilio, macho yake yakawa makavu ghafla, yakamtafuta mama.

"Nani alimuua?" Akamwangalia vizuri. "Njo weye. Nakujua. Njo weye ulimukula."

Kidole kilikuwa kilekile. Asubuhi hakukumbuka chochote, na jioni yake akauliza tena.

Tukaacha kumwambia. Tulisema, "Bado iko kazini." Uongo huo ulituletea jambo jingine ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: baba alianza kuishi nyumbani kwetu. Shangazi alimsimulia kama mtu atakayeingia sasa hivi. Alisema hapendi bukari ya jana, ugali uliolala. Alisema usimpe kiti chenye mgongo, anapenda kigoda. Alisema huwa hagongi mlango, anakohoa kwanza, mara mbili, ili watu wajue. "Sikiliza," aliniambia jioni moja, akanishika kifundo cha mkono, "anakohoa pale kwa lango."

Nami nikasikia. Najua hapakuwa na mtu. Nilikwenda kuangalia, na barabara ilikuwa tupu, mbwa wa jirani amelala. Lakini nilikisikia kikohozi kikavu, na nyuma yake sauti ya mwanamume ikiniita kwa jina la utani ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuniita. Nilirudi ndani. Nilimkuta mama anapakua chakula. Alikuwa ameweka sahani moja zaidi mezani. Tulitazamana, naye akairudisha kabatini.

Hata hivyo, uongo haukumwokoa mama. Zilikuwapo jioni ambazo shangazi alijua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba ndugu yake hatarudi, na kidole kikainuka. Mama aliingia jikoni, akasimama mbele ya makala mpaka akapata pumzi, akatoka na chakula. "Nimesikia, dada. Kula kwanza." Siku moja nilimwona amejiegemeza ukutani na kitambaa cha vyombo mdomoni, akikiuma.

"Mama, tumupeleke Kolwezi kwa mwanawe," nilimwambia.

"Nilimwambia Mungu nimesamehe," alisema. "Nilifikiri ni kitu unafanya mara moja, unaweka chini, unaenda."

Kaka yangu hakutaka kusikia. Alikuwa na mke na watoto upande wa pili wa mji, na tangu shangazi aje hakuvuka tena mlango wetu. Alimletea mama gunia la makala kila alipopata, akalishusha langoni, akaongea naye akiwa amesimama barabarani.

"Yaya, ingia ukule," nilimwambia kaka.

"Mi sikule nyumba moja na ule mwanamuke," alinijibu. Mkono wake ulipanda shavuni, nadhani bila yeye kujua.

Mvua ndiyo iliyomleta ndani. Ilikuwa jioni, alikuwa ameshusha gunia, na ghafla mawingu yakapasuka. Mama alimpigia kelele kutoka jikoni asiache makala yalowe. Akalibeba begani, akakimbia mpaka kwenye barza, na hapo shangazi alikuwa ameketi.

Kaka alikuwa ametoka kazini moja kwa moja. Uso ulikuwa mweusi kwa moshi, koti lina matundu ya cheche, na alinukia chuma kilichoungua. Kwa umri alikuwa ameshamfikia baba. Shangazi alivuta hewa puani. Akanyanyuka, jambo ambalo siku hizo hakuliweza bila kushikwa, akamkamata kaka mkono wa koti.

"Umefika," alisema. "Umefika, ndugu yangu. Kikohozi kinaendelea namna gani?"

Kaka alinitazama juu ya kichwa cha shangazi. Nilingoja amsukume. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni.

"Kikohozi kiliisha," alisema.

"Aksanti Mungu. Ikala hapa." Akamvuta chini kwenye mkeka, na kaka akaketi, gunia limeanguka pembeni. "Iko kitu nataka kukuambia, lakini usinikasirikie. Muke yako, nilimufukuza."

"Ulimufukuza juu ya nini?" Sauti ya kaka ilikuwa ngumu.

"Juu ya woga."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, na nilisogea karibu ili nisikie.

"Weye mwenyewe uliniambia," alisema shangazi. "Uliniambia damu inatoka wakati unakohoa. Ukasema, usiambie muke yangu, mimba imetoka juzi tu, usimuongezee mateso. Mi nikanyamaza. Nikakupikia majani, nikasema itapita. Haikupita. Kisha bantu bakaanza kuuliza: nani alijua? Nani alijua ni mugonjwa hivi na hakumupeleka hospitali? Nikaona batanigeukia miye. Njo nikasema ni ye. Na ye hakujua kitu, masikini. Hakujua kitu."

Nikaona wazo jingine linampitia polepole usoni, na woga nyuma yake. Akampapasa kaka kifua kwa vidole.

"Lakini weye uko hapa," alisema. "Sasa ni nani tulimuzika?"

Sijui kama nimewahi kusikia swali lililonitisha kama hilo. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imejaa unga. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini, lakini uso wake uliniambia amesikia yote.

"Uyu muke yuko hapa," kaka alisema mwishowe. "Mwambie ye mwenyewe."

Shangazi alijifunika uso kwa kitenge. "Minaogopa kumuangalia."

Mama alikuja, akaketi chini mbele yake. Akakishusha kile kitenge kwa vidole vyenye unga, akaacha alama nyeupe shavuni mwa shangazi.

"Niangalie," alisema. "Nimesikia. Nimekusamehe."

"Kweli?"

"Kweli. Mungu ananiona."

Shangazi alilia kidogo, kama mtoto aliyechoka. Kisha akasema ana njaa. Tukaingia ndani sote, na kaka akala bukari yake kwenye meza moja naye, kichwa chini, akimsogezea samaki asiye na miiba.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Jioni iliyofuata shangazi alinyoosha shingo, akauliza, na kidole kikainuka kwa mama kama kawaida. Ungamo lilikuwa limefutika kwake. Kwetu halikufutika, na lilimfanyia mama kitu ambacho sikukitarajia.

Alinyamaza nyumbani. Aliendelea kumwosha shangazi, kumlisha, kumbembeleza, na kwa kweli mikono yake ilikuwa laini kuliko zamani. Lakini akiwa peke yake alikuwa na hasira, na Jumapili, sala ilipofika mahali pale, sauti yake ikakatika tena. Nilishtuka. Tulipotoka nikamuuliza kama ni shangazi.

"Hapana," alisema. "Ni baba yenu. Nililala karibu yake kila siku. Nilifua leso zake. Alizisuuza yeye kwanza nisione damu, leo njo najua. Alimwambia dada yake, na mi akanificha. Ningemupeleka hospitali. Ningemubeba kwa mugongo." Alitembea kidogo. "Miaka yote hii nilikuwa naomba nguvu ya kusamehe muntu mumoja. Sasa beko babili, na mumoja iko kwa kaburi, siwezi hata kumukaripia."

Mchungaji wetu alikuwa amesikia habari za shangazi, akamwomba mama asimame mbele ya kanisa atoe ushuhuda juu ya msamaha. Alikuja nyumbani mwenyewe kumwomba. Mama alimpa kiti na maji ya kunywa.

"Pasta, nitashuhudia nini? Kazi bado haijaisha. Niombee tu."

Mchungaji alikuwa mtu mwenye busara. Hakulazimisha. Aliomba pamoja nasi, shangazi akimjibu "amina" kwa sauti kubwa katikati ya sentensi, kisha akaenda.

Kaka alianza kuja mara kwa mara baada ya kazi, bila kunawa uso. Shangazi akimwona, zile jioni zilipita kwa amani. Kaka alimwacha amwite ndugu. Hakumwambia kamwe kwamba yeye ni baba, wala kwamba siye. Alikaa karibu naye akisikiliza habari za utoto wa baba, jinsi alivyoogopa jogoo, jinsi alivyoiba embe bichi akaumwa tumbo kwa wiki. Mara nyingine nilipotoka nje niliwaona wawili hao giza linapoanza kuingia, na mimi mwenyewe, kwa pumzi moja, nilimwona baba.

Shangazi alifariki asubuhi, mama akimpaka mafuta miguuni. Alikuwa anaimba, akaacha katikati ya wimbo. Mama alidhani amesahau maneno, akamsaidia kwa mstari uliofuata, akangoja.

Kilio kilipelekwa Ruashi, kwenye uwanja uleule, kwa kuwa ndiko kwa ukoo. Mwana wa shangazi alifika kutoka Kolwezi, mtu mnene, mpole, macho mekundu. Mama aliketi na wanawake wengine kwenye mikeka. Mimi niliketi nyuma yake, na nilikuwa naogopa tangu tulipoingia langoni.

Haikuchukua muda. Mzee mmoja wa ukoo, mmoja wa wale waliotazama chini zamani, alisafisha koo.

"Tunataka kujua," alisema. "Dada yetu alikufia mikononi mwa nani? Alikula nini mwisho?"

Nikaona mgongo wa mama unakakamaa chini ya kitenge. Wanawake wawili walisogea kidogo, wakaacha nafasi kila upande wake. Nilitaka kusimama, sikusimama. Nilikuwa tena yule mtoto wa darasa la tatu.

Aliyesimama ni mwana wa shangazi.

"Ba papa," alimwambia yule mzee, "mama yangu alikuwa mugonjwa. Ugonjwa wa uzee. Mi mwanawe nilimuacha afungiwe ndani ya nyumba. Uyu mama alimutoa, akamuosha, akamulisha. Hapa hakuna muntu wa kuulizwa. Kama mutauliza, muniulize mi."

Mzee alikaa. Mtu akaanzisha wimbo, wengine wakaupokea. Binamu yangu alikuja akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya mama, akakilaza kichwa chake mapajani mwake mbele ya ukoo wote, na mama akakishika kwa mikono miwili.

Kaka hakuingia. Alibaki barabarani siku zote za kilio, nje ya ukuta, na watu wakampelekea chakula huko. Aliniambia miguu inakataa. Lakini msalaba wa chuma ulio juu ya kaburi la shangazi aliuchomelea yeye, akaupaka rangi nyeupe, akauchimbia mwenyewe ardhini.

Siku hizi binamu yetu humpigia mama simu Jumapili baada ya ibada. Huuliza habari za mama yake: alikuwa anasema nini, alikuwa anacheka, alimtaja? Mama huketi kwenye barza, simu sikioni, akamsimulia zile nyimbo za kwaya, majani ya lengalenga, viatu viwili visivyofanana. Humsimulia asubuhi tu. Binamu akiuliza juu ya jioni, mama humwambia kwamba jioni alikuwa anachoka mapema, kisha humuuliza kama mvua imefika Kolwezi.